Kombe la Bibi Nora

Juzi nilifungua chupa ya marashi ya mawaridi jikoni kwangu, nikitaka kudondosha kidogo kwenye shira ya kaimati, nikajikuta nimesimama na kifuniko mkononi mpaka shira ikaungua. Mume wangu akaja mbio kuuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, arudi kwenye mpira wake. Wenzangu harufu ile huwapeleka kwenye harusi na maulidi. Mimi hunipeleka Overport, kule Durban, ghorofa ya tatu, kwenye fleti iliyojaa vitabu mpaka chooni, mbele ya bibi wa Kiingereza mwenye midomo ya buluu.

Wa rika langu mliokuwa mkienda kazini kwa mama zenu baada ya shule, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mtu, mtanielewa. Unajifunza kukaa kimya kwenye nyumba isiyo yako. Unajua kiti kipi ni cha kukalia na kipi ni cha kutazama. Mama yangu alikuwa mtu wa Tanga, alimfuata baba Durban mimi nikiwa bado mgongoni. Baba aliuza makava ya simu mjini, na Mama akapata kazi ya kumpikia na kumsafishia mwanamke mzee aliyeishi peke yake. Siku ya kwanza yule mzee alisema aitwe Nora tu. Mama akashindwa. Mtu ana mvi kichwa kizima, umwite jina lake kavukavu kama unamwita paka? Akamwita Bibi Nora, na mwenyewe alipoelezwa maana yake alifurahi sana, maana hakuwa na mjukuu.

Bibi Nora alikuwa mshairi na msimulizi wa hadithi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na mimi ilinichukua muda kuamini kwamba hiyo ni kazi. Alizaliwa kaskazini ya Uingereza, kwenye mji wa viwanda vya nguo ambako, kwa maelezo yake, mvua ilinyesha mpaka ndani ya mifuko ya koti. Alikuja Durban akiwa msichana, kufundisha shule, akaolewa, akafiwa na mume, akabaki. Vitabu vyake vya mashairi vilienea vyote kwenye rafu moja fupi. Zamani alisimulia hadithi redioni na kwenye maktaba, watoto wamejaa sakafuni mpaka mlangoni. Nilipomjua mimi, redio ilikwisha kumsahau na maktaba nazo zilimwalika mara mojamoja. Hakujali. Kila asubuhi aliianza kazi kama mtu mwenye bosi mkali.

Siku za likizo nilimwona akiifanya. Alianza kwa kutembea, kutoka dirishani, ambako kwa chini ungeuona uwanja wa mbio za farasi wa Greyville, mpaka mlango wa jikoni, kisha kurudi. Midomo inacheza, sauti haitoki. Mkononi, kidole gumba kinapita kwenye pingili za vidole vingine, taratibu, pingili moja baada ya nyingine, kikifika mwisho kinaanza upya. Mimi nilikuwa nimeona mtu mwingine mmoja tu akifanya hivyo kila siku, naye alikuwa baba, akiwa bado amekaa kwenye mswala baada ya sala.

“Mama,” nikanong’ona, “Bibi Nora anavuta uradi?”

Mama alikuwa anakata vitunguu, machozi yanamtoka, hana muda na mimi. “Huenda,” akasema.

Basi. Mtoto ukishamwambia huenda, umemwambia ndiyo. Leo najua kwamba bibi yule alikuwa anahesabu mizani ya mistari yake. Wakati ule nilijua kwamba ni mcha Mungu wa aina yake, na kwamba maneno yale anayoyatafuna kutwa si maneno ya kawaida. Hakuandika kitu mpaka shairi lote limekaa mdomoni, halitikisiki. Ndipo alipoketi mezani, akafungua chupa ya wino wa buluu, akaliandika mara moja, karatasi moja, kwa kalamu ya kuchovya. Sijapata kuona mtu akiandika kwa adabu namna ile.

Mchana ulikuwa wangu. Nikitoka shule nilivuka pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikapanda ngazi, nikala, kisha Bibi Nora akanisimulia hadithi. Alisimulia kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza nilikuwa nacho cha kutosha, cha shule na cha mtaani. Siku ya kwanza kabisa alisema sentensi moja akapumzika kuvuta pumzi, nami nikaitikia, “Enhe.” Akanitazama. Akasema sentensi ya pili. “Enhe.” Akaweka kikombe chini, akamwita Mama, akauliza kwa upole kama mtoto ana shida.

Mama aliona haya. Akamweleza kwamba kwetu mtu akisimulia lazima aitikiwe, vinginevyo atajuaje kama yupo na watu? Kunyamaza ni kumdharau. Bibi Nora akafikiri. Akasema kwamba maisha yake yote amesimulia watu wamenyamaza kimya, na kwamba huko kwao ndiyo heshima, na kwamba sasa anaona alikuwa anasimulia kwenye kisima. Kuanzia siku hiyo hakuendelea mpaka nimeitikia. Nikisahau, anangoja, amenikodolea macho. Nilijiona mtu mkubwa. Niliona kwamba bila mimi hadithi haiendi.

Sasa nije kwenye kombe. Nilishikwa na homa ambayo dawa za kliniki hazikuiondoa, nikawa naweweseka. Baba akaenda kwa ustadhi mmoja mjini, mtu wa kwetu, akaandikiwa kombe. Kwa wasiolijua, ni aya za Qur’an zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha zinaoshwa kwa maji na marashi ya mawaridi, na mgonjwa anakunywa. Mama hakuweza kukosa kazi, kwa hiyo alinibeba mimi na sahani yangu, imefungwa kwenye taulo, tukaenda Overport. Alikusudia kunioshea kombe jikoni kwa siri. Bibi Nora akaingia kutafuta chai.

Alisimama akiitazama ile sahani. Maandishi ya rangi ya chungwa yamezunguka mpaka ukingoni. Mama akajieleza harakaharaka, huku akiona haya, akijua atachekwa. Akamimina maji, akatia marashi, akazungusha kwa kidole, na maandishi yakaachia, yakawa mawingu, yakawa maji ya manjano. Nikayanywa yote. Bibi Nora alivuta kiti akakaa.

“Naandika tangu nikiwa na umri wa mtoto huyu,” akasema, “na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuninywa.”

“Haya ni maneno ya Mungu, Bibi,” Mama akasema. “Si maneno yoyote tu.”

Kauli hiyo ya Mama niliisikia kwa masikio yangu na sikuijali hata kidogo. Homa iliondoka. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi maneno yanavyoingia mwilini.

Hadithi aliyokuwa akinisimulia kipindi kile ilikuwa ya binti aliyetumwa na mama yake kuomba kaa la moto ng’ambo ya mto. Ni baridi kali, mto wote umeganda, na binti anarudi usiku amebeba kaa kwenye chungu, anatembea juu ya barafu. Mimi barafu niliyoijua ni ya kwenye friza. Mto mzima ugande, watu wapite juu! Nilikuwa nakosa hewa. Alifika mahali ambapo binti yupo katikati ya mto, barafu ikalia chini ya mguu wake. “Enhe!” nikasema. Bibi Nora akatabasamu, akasema tutaendelea kesho.

Kesho yake Mama alimkuta sakafuni.

Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala na maneno yamemkimbia. Sijui niwaelezeje. Akili ilikuwepo, ungeiona machoni, imesimama pale inakutazama. Lakini akitaka maji anasema kitu ambacho si neno, akikisikia mwenyewe anafumba macho kwa hasira. Akijaribu tena, kinatoka kingine kibaya zaidi. Kisha akaacha kujaribu. Alikaa kitini karibu na dirisha, tumbili wa Overport wanakuja mpaka kwenye ukingo wa dirisha kuiba mkate, naye, aliyekuwa akiwafukuza kwa matusi yenye vina, aliwatazama tu wakila.

Mpwa wake akapiga simu kutoka Uingereza. Alikuwa mtu mstaarabu, sina ubaya naye. Alimwambia Mama kwamba daktari amemweleza kila kitu, kwamba anakuja kuifunga fleti na kumpeleka shangazi yake kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa sababu, alisema, ni wazi kwamba mle ndani hakuna mtu tena. Mama aliweka simu chini akasimama jikoni pake. “Yumo,” akaniambia, utadhani mimi ndiye niliyebisha. “Yumo mle. Wallahi yumo. Ila nitamwambia nini mtu wa Ulaya, kwamba nimemwona machoni?”

Na mimi nilikuwa nalala kila siku na yule binti katikati ya mto. Nilikuwa sijui kama amezama.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Maneno ya Bibi Nora yametoka mwilini. Lakini yapo mengine, yako mezani, kwenye karatasi, kwa wino, aliyavutia uradi mwenyewe. Kinachotakiwa ni kuyarudisha ndani. Nilishangaa watu wazima wanangoja nini.

Nilichagua siku ya Maman Béa. Huyu alikuwa Mkongomani mwenye saluni ndogo kule Greyville, mwanamke mnene wa sauti nene, na kila wiki alipanda kumwosha Bibi Nora nywele na kumtengeneza chumbani kwake. Baada ya ugonjwa hakuacha kuja. Akiwa naye Mama hupata nafasi ya kufua, na mimi hupata nafasi yangu. Nikaenda mezani nikachagua karatasi yenye wino mzito kuliko zote, kwa kuwa dawa kali ndiyo dawa. Sikujua kwamba hiyo ndiyo karatasi pekee ya shairi lake la mwisho. Nikailaza kwenye sahani nyeupe, nikamimina maji, nikatia marashi ya mawaridi kutoka kwenye mkoba wa Mama, kwa mkono mpana, maana ugonjwa ulikuwa mkubwa. Nikazungusha kwa kidole. Wino ukaachia. Mistari ikawa mawingu, mawingu yakawa maji ya buluu kama bahari iliyochorwa na mtoto. Nikasema bismillahi, nikabeba sahani kwa mikono miwili.

“Eh, mutoto!” Maman Béa akapaaza sauti, kitana hewani. “Iko nini hii unaletea bibi? Iko mayi ya wino! Maman Mwanaidi! Kuya uone mutoto wako, anataka kuua muzungu!”

Mama akaja na povu mpaka viwikoni. Akaona sahani, akaona karatasi iliyolowa kando, nyeupe haina kitu, na alinusa marashi yake. Alielewa papo hapo. Sijawahi kumwona amebadilika sura namna ile.

“Mwanaidi. Umefanya nini? Hiyo ni kazi ya mtu! Na nani kakwambia kombe ni mashairi? Kombe ni maneno ya Mungu! Unataka nimwambie nini mpwa wake? Eish, Mola wangu, nitaificha wapi sura yangu!”

“Nataka arudi,” nikasema. Nikaanza kulia, sahani bado mikononi.

Bibi Nora alikuwa anaitazama sahani. Aliitazama ile karatasi nyeupe, akanitazama mimi, akarudi kwenye sahani, na nikaona akielewa. Mkono wake wa kushoto ukainuka, ukashika ukingo. Mama akasema, “Hapana, Bibi, tafadhali.” Bibi Nora hakumsikiliza. Alivuta sahani mpaka mdomoni akanywa. Alikunywa yote, taratibu, mengine yakimshuka kidevuni, akaiacha sahani tupu. Midomo ikawa ya buluu, na meno pia.

Kisha akafunga macho. Kidole gumba cha mkono wa kushoto, mkono ambao si wa kazi hiyo, kikaanza kupita kwenye pingili.

Akasema shairi.

Alilisema lote. Maneno yalitoka mazima, yamenyooka, moja limeshika mkono wa jingine, kwa ile sauti aliyokuwa nayo zamani. Lilikuwa shairi la mama anayewaita watoto wake watoke mvuani, katika mji wa moshi, anawaita kwa majina, na watoto wanasikia lakini wanajificha kwa sababu ni raha kuitwa. Nilikuwa nimelisikia likitengenezwa, kipande hiki leo, kile kesho, lakini sijawahi kulisikia zima. Maman Béa aliketi kwenye ukingo wa kitanda bila kutazama anakalia nini. Povu lilikuwa linadondoka sakafuni kutoka mikononi mwa Mama, tone baada ya tone, na hakuna aliyejali.

“Vraiment,” Maman Béa akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. “Vraiment, kweli kabisa, iko Mungu.”

“Subhanallah,” Mama akasema. Akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Bibi Nora akafungua macho, akajaribu kutuambia jambo, na kikatoka kile kisicho neno. Akacheka. Alicheka mpaka meno yote ya buluu yakaonekana, akafunga macho, akalisema shairi tena kutoka mwanzo.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza kwamba mambo haya hutokea, kwamba mtu aliyepoteza maneno ya kuombea maji anaweza akabaki na wimbo, au sala, au shairi alilolikariri, kwa sababu vitu hivyo hukaa mahali pengine kichwani. Nilimsikiliza, nikamshukuru. Nayaamini aliyoyasema. Lakini wiki zile zote alizokaa dirishani amenyamaza, mbona hakuna aliyefungua hapo pengine? Nilistaajabu siku ile na hadi leo nastaajabu, na sina mpango wa kuacha.

Mpwa alifika na sanduku lake. Mama hakumwambia lolote. Alimkalisha mbele ya shangazi yake, akamgonga Bibi Nora kwa kidole kwenye pingili, naye akafunga macho akaanza. Yule bwana alivua miwani. Aliishika mkononi mpaka shairi lilipokwisha, kisha akamshika mkono ule uliolala akaweka uso wake juu yake. Fleti haikufungwa. Mama aliendelea na kazi, na Bibi Nora alifia kitandani mwake, jambo ambalo Mama aliliona ushindi wake hadi mwisho wa maisha yake.

Lakini yote hayo ni ya wakubwa. Mimi binti wangu alikuwa bado yupo juu ya barafu.

Nilidhani sasa mambo yamekwisha, Bibi Nora amerudi, hadithi itaendelea. Nikakaa miguuni pake siku iliyofuata nikamwambia, mto, barafu, kaa la moto. Alijua ninachotaka. Alifungua mdomo, akahangaika, na kikatoka kisicho neno. Hadithi ile hakuwahi kuikariri, alikuwa anaitunga huku anasimulia. Akanipa alichokuwa nacho, akanisomea shairi la mvua. Nikaitikia kwa heshima, lakini moyo uliniuma. Nikapata wazo la kuosha karatasi nyingine, ikiwezekana zote, na Mama, aliyenijua, alikwisha kuzifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani.

Ndipo siku moja, tumbili wako dirishani, nikauliza tena. “Bibi, alizama?” Sikuuliza kwa Kiingereza hata, nilikuwa nimechoka. Bibi Nora akaninyooshea kidole. Nikadhani ananifukuza. Akanisukuma kifuani kwa kidole hicho, polepole, halafu akajiegemeza kitini, akakunja mkono mzima juu ya ule uliolala, akanikodolea macho kama zamani nilipokuwa nimesahau zamu yangu.

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa niliogopa, kwa sababu sikujua kinachofuata. Mto sijauona, baridi siijui. Na lugha ya kusimulia niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya nyumbani, ambayo yeye hakuijua.

“Basi,” nikasema kwa Kiswahili, “yule binti akasimama katikati ya mto. Chungu kiko mkononi. Barafu ikalia tena.”

Nikavuta pumzi. Sikuwa na kingine. Jikoni Mama alikuwa ameacha kukata vitunguu.

“Enhe,” akasema Bibi Nora.